Mume Wangu Hataki Kuchagua Ukuta wa Jiko

Mpendwa Bi Hiltje,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ijayo, maana siku hiyo ndiyo fundi anakuja, na asipokuta jibu ataondoka na mimi nitaondoka pia, yeye kwenda kwenye kazi nyingine na mimi kwa dada yangu Tilburg, na sanduku langu liko tayari karibu na mlango.

Mimi ni mtu wa Brabant, kusini mwa Uholanzi, nimeolewa huku Friesland kaskazini miaka ishirini na minne sasa, mume wangu anaitwa Wiebren, kazi yake ni kuangalia mitambo ya kusukuma maji, si mlevi, si mkali, hana mwanamke mwingine kwa sababu huyo mwanamke ingebidi azungumze naye. Miaka mitatu iliyopita tulivunja jiko letu la zamani tukajenga jipya, makabati, sinki, kila kitu, ikabaki sehemu moja tu, ule ukuta wa nyuma ya meko kuanzia usawa wa meza mpaka chini ya makabati, mita tatu na nusu kwa sentimita sitini, mpaka dirishani, plasta tupu ya kijivu, na hadi leo ninavyokuandikia ni plasta tupu ya kijivu.

Si kwamba sikutafuta. Kwanza nilitaka vile vigae vyeupe vya mkono, kila kimoja na weupe wake, ila zile nafasi za katikati hushika mafuta na mimi hukaanga sana, basi nikahamia kwenye kioo kilichopakwa rangi ya kijani kwa nyuma, ambacho hufutika mara moja kwa kitambaa, lakini jirani yangu anacho na anakifuta asubuhi na jioni kama amepewa mgonjwa wa kuuguza, nikafikiria chuma kisichoshika kutu, nikakiegemeza ukutani siku mbili nikajiona nimo kwenye duka la samaki. Sasa nina sampuli kumi na moja mezani, na kila nikimwuliza Wiebren anataka ipi, ananijibu, "Si mbaya."

Siku yangu ya kuzaliwa, mwezi wa pili, jamaa zake wameketi duara kama kawaida, kahawa mkononi na kipande cha keki gotini, nikasema leo ndiyo leo, nikazipitisha sampuli mkono kwa mkono. Wifi yangu Froukje akasema, "Kigae kina heshima yake," wengine wakaguna, zikafika kwa Wiebren. Nikamwambia, "Haya, baba, mbele ya mashahidi. Unataka ipi?" Akakipindua kigae akakitazama mgongoni, akasema, "Si mbaya." Nikamwuliza, "Na kioo?" Akasema, "Nacho si kibaya." Watu wote wakatikisa vichwa kana kwamba mtu amehutubia, na mimi nikacheka nao, kisha nikaenda chooni nikalia, nikiitazama kalenda ya siku za kuzaliwa iliyo mlangoni, ambayo majina yote ya ukoo wake nimeyaandika mimi.

Kuna jambo jingine dogo, nalitaja kwa sababu fundi Sietse aliuliza kama plasta ni safi, na si safi, kwani Wiebren anaiandikia. Ilianza na vipimo kwa ile penseli nene ya useremala, halafu "Maziwa yamekwisha," halafu akanogewa, maana huamka kabla yangu, basi nikishuka nakuta "Supu imebaki, nyama nimekuachia," au "Ukungu leo. Endesha polepole." Kando ya swichi ameandika "Lile gauni la bluu jana," basi, gauni limefanyaje hasemi. Binti yetu alipohamia Groningen kusoma, Wiebren aliandika juu ya soketi, "Kimya sana humu." Yeye, Bi Hiltje, yeye ndiye analalamikia kimya.

Jumatatu nilimweleza wazi. "Wiebren, usiponiambia unachotaka mpaka fundi aje, naenda Tilburg, na sijui nitarudi lini." Akamaliza kahawa yake akaenda kazini. Kesho yake asubuhi nikakuta ukutani, "Treni ya saa nne na robo. Unabadilisha Zwolle. Chukua koti zito." Yaani ananifungashia virago! Na chini yake amenakili treni zote za kurudi, za siku zote saba, mpaka ile ya mwisho ya usiku, kama vile mimi siwezi kusoma ratiba.

Niambie, nichague vigae, kioo au chuma? Na je, naishi na mume au na mpangaji?

Dorien, karibu na Sneek

*

Dorien,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka kahawa ikapoa, mara ya pili nikatamani nikufinye sikio.

Miaka ishirini na minne uko huku na bado hujajua "si mbaya" ina uzito gani? Marehemu mama yangu alipowekewa mjukuu wake wa kwanza mapajani, alimtazama kwa muda mrefu akasema, "Si mbaya," na sisi tukaelewa kwamba tumtoe mtoto kabla bibi hajaanza kulia. Hilo ndilo neno kubwa kuliko yote tuliyo nayo. Wewe umepewa neno hilo mara kumi na moja, ukaenda kulia chooni.

Na kosa la duara ni lako. Mtu wa huku haulizwi anachopenda mbele ya shangazi zake, tena keki ikiwa gotini. Hata angekuwa anakipenda kile kigae kufa, angekipindua akitazame mgongoni vilevile.

Ila nakuelewa, na hapo sikutanii. Mtu hawezi kuishi kwa kutikisiwa kichwa, na wewe umetoka kwenye watu wanaoongea hata na kuku. Umechoka kujiuliza kama kuna mtu anakuona ndani ya nyumba yako mwenyewe. Hayo ni maumivu ya kweli na ulikuwa na haki ya kuyasema, hata kwa kutumia sanduku.

Lakini rudi kwenye lile jambo lako "dogo". Ule ukuta umeupima kwa sentimita, ukauegemezea chuma, ukautafutia vigae, na katika miaka mitatu hukuketi hata siku moja ukausoma. Mume aliyekuachia nyama kwenye supu, aliyelala akiliwaza gauni lako la bluu mpaka akaamka nalo kichwani, aliyemlilia binti yake juu ya soketi, huyo unamwita mpangaji? Mpangaji gani huyo, Dorien, nami nimtafute?

Unashangaa hataki kuchagua. Angechaguaje? Mtu mmoja tu katika nyumba hiyo hajawahi kuona kwamba ukuta una upungufu wowote, na ni yeye. Hapo ndipo alipopata mdomo baada ya kuukosa maisha yake yote, na kila ukimletea sampuli unamwomba akuonyeshe cha kumzibia.

Sasa treni. Anayemfukuza mkewe hajali kama atapata baridi, na wala hapotezi usingizi kunakili treni za kumrudisha, za siku zote saba, mpaka ile ya mwisho ya usiku. Wewe umeona ratiba. Mimi nimeona mwanamume amepiga magoti, kwa namna ambayo magoti ya huku yanaweza kukunjika.

Wiebren, na wewe najua unasoma hapa, kwa sababu watu wako husoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Penseli ni nzuri, lakini mkeo ana masikio mawili na yote yana njaa. Kila siku, kabla hujavaa viatu, mtamkie jambo moja kwa sauti. Anza na lile gauni, na safari hii umalize sentensi.

Turudi kwenye kazi yenyewe. Mchagua nazi hupata koroma, Dorien, basi kuchagua kumekwisha. Kioo, lakini si cha kijani. Mwambie Sietse akate kioo kigumu cha kustahimili moto, kisicho na rangi hata kidogo, kifunike maandishi yote tangu kwenye soketi hadi kwenye swichi, pamoja na nyuma ya meko. Kwanza apulizie vanishi isiyong'aa ili penseli isifutike. Asitumie gundi, maana itaonekana. Afunge kwa skrubu pembeni. Akikuambia plasta tupu haipendezi, mwambie mwenye nyumba ni wewe. Mafuta ya kukaangia yatafutika juu ya kioo na mumeo atabaki chini yake, mkavu.

Ile mita moja ya karibu na dirisha, mbali na moto, usiweke kioo. Hapo weka jiwe jeusi la kuezekea, lile ambalo babu zetu waliandikia shuleni. Karibu na kikaangio hunywa mafuta, ila dirishani halina neno. Nunua chaki. Sampuli kumi na moja mpelekee Froukje awekee sufuria za moto, kwa kuwa kigae kina heshima yake.

Sanduku lifungue leo. Koti litundike mahali pake. Jumamosi vaa gauni la bluu hata kama fundi atashangaa, na kabla hajafunga kioo, muombe Wiebren ile penseli. Chini ya ratiba ya treni najua patakuwa na nafasi ya kutosha. Andika kwa mkono wako, kwa lugha ya huku, ili asome kila asubuhi mpaka uzeeni: "Siendi. Hapa si pabaya."