Panya wa Jefwa aliyelewa

Becky shoga, uko? Jefwa wetu kwisha habari yake!

Unamkumbuka yule panya adimu wa majini anayemfanyia utafiti? Amekaa kwenye chupa ya spiriti miaka sitini, na chuoni ni huyo huyo mmoja. Si Jefwa akambeba hadi chumbani kwake Bondeni, eti ampime meno kwa utulivu!

Leo ametoka kununua mahamri. Kurudi, mama mwenye nyumba, Bi Zuhura, yuko mlangoni na chupa tupu.

"Jefwa, pombe nyumbani mwangu?"

"Si pombe, Bi! Ni ya panya!"

"Panya naye anywa?"

Anywa! Ndivyo alivyouliza, wallahi!

Chupa ameshaisuuza mara saba. Na panya? Kamtupa uani. Paka akamnusa, akakimbia.

Kunguru hakunusa.

Kunguru, Becky! Miaka sitini, akapaa naye!

Jefwa akaketi ngazini analia kama mtoto. Bi Zuhura akamwonea huruma, akaingia jikoni, akatoka na mtego, panya ndani anaruka.

"Nyamaza, mwanangu. Chukua huyu. Mzima, mnono, na pombe haijui."