Pikapu inavuta kushoto

Jumatano.

Bado inavuta kushoto. Tangu niinue springi za mbele zilingane na za nyuma, Msimbazi nzima inasifu pikapu yangu ilivyosimama. Hawajui kwamba ili inyooke barabarani lazima niukaze usukani kulia mpaka bega linauma.

Leo fundi Rajabu alivuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akacheka. “Bosi, uliinua gari ukasahau kunyoosha tairi. Ona, limelika lote kwa ndani. Lete Ijumaa, ila usitoke nalo mjini.”

Jioni shemeji akaja na dada kuiazima. Kesho anawapeleka dada na watoto Moshi, kwenye kipaimara. Ningemwambia ukweli, lakini wiki nzima nimejisifu kwake.

Nikasema ufunguo umepotea. Dada anautafuta mpaka kwenye ndoo ya mchele. Nimeukalia.