Ufizi Wako Haukutoa Damu

Mpendwa kaka Deo,

Shikamoo. Sijui kama yupo wa kuitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Nakuandikia kutoka hapa hospitali Biharamulo, chumba kile kile cha meno. Barua hii sina pa kuituma. Akiisoma mtu mwingine na aisome, labda amekuona huko ulikopita.

Unakumbuka likizo yangu ya kwanza ya mafunzo ya meno, nilipokuja nyumbani Ntobeye na kile kijiti cha chuma cha kupimia ufizi? Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa bado kipya, nyumba zimepangwa mstari na mama analalamika kwamba migomba yake imebaki mbali. Nilikukalisha uani juu ya kinu, uso umeelekea jua, nikakuambia uachame. Nilikudunga nacho kama mtu anayetoboa mahindi ya kuchoma. Damu ikajaa mdomoni. Ukatema, ukanitazama, ukasema, "We Koleta, unachimba mihogo humo?" Mama alikuwa anapepeta mtama. Aliiona ile damu, akanigombeza hadi majirani wakatoka nje.

Nikarudi hapa kwa daktari wangu na aibu yangu. Ndiye aliyenifundisha upya. Chuma kinashikwa kama kalamu, na kidole cha pete kinaegemea jino la jirani ili mkono usiyumbe. Kinalala sambamba na jino, kinateleza taratibu kati ya jino na ufizi, na nyama ikikataa tu, hapo hapo unasimama na kusoma alama za kina zilizochongwa juu yake; kikizama sana, ufizi umeoza. Kisha unakitembeza kwa hatua ndogo ndogo kulizunguka jino bila kukitoa. Kabla ya kuanza nijaribu kwenye kucha yangu, na nikisikia maumivu nijue nimezidisha. "Ukikandamiza," aliniambia, "hata ufizi mzima utatoa damu, na utakuwa umempa mtu ugonjwa asio nao." Likizo iliyofuata nilikupima tena. Ulisinzia mdomo wazi.

Kisha vita vikaja. Wanaume wa mgambo wakaletwa hapa kupimwa, na sisi wa meno tukapewa midomo. Amri ilikuwa kwamba mwenye ufizi uliooza, unaovuja damu na usaha, abaki atibiwe kwanza. Niliona wengi. Kila gari likinguruma barabarani nilitazama angani, nikidhani ni ndege za adui. Sikufikiri kwamba wewe nawe utakuwa kwenye foleni ile.

Mama alikuja nawe, amebeba ndizi za kuchemsha kwenye majani. Alinivuta nyuma ya jiko la hospitali akaninong'oneza kwa Kihangaza, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "dunga kama siku ile. Damu ikitoka watamwacha." Mkono wake ulikuwa baridi kwenye mkono wangu.

Wenzako walisema uwanjani kwamba hakuna jasiri kama wewe. Ulikuwa ukiwachekesha. Lakini ulipokaa kwenye kiti changu na kuachama, kaka, mdomo wako ulikuwa mkavu kabisa na taya linatetemeka chini ya vidole vyangu. Ulikuwa unaogopa. Kati ya wote waliokuwepo, nilijua mimi peke yangu. Nikaanza mbele, nikisoma alama kwa sauti na karani akiandika. Nilipofika kwenye jino la nyuma kabisa, chuma kikazama.

Kilizama sana. Sikujua kama ni ufizi wako uliooza, au ni mkono wangu unaomtii mama bila kuniuliza. Nikakitoa, nikakijaribu kwenye kucha, nikapumua, nikarudia kwa wepesi kama nilivyofundishwa. Safari hii kilisimama juu kabisa. Nikangoja. Ufizi haukutoa damu. Daktari aliinama akatazama, akasema, "Huyu anafaa."

Ulifunga mdomo, ukaufuta kwa kiganja. "Umeshaijua kazi, mdogo wangu," ukasema, ukatoka kwenda kwenye lori. Maneno hayo nayageuza kila siku. Ulikuwa unanisifu? Au vidole vyangu vilipokuwa mdomoni mwako kuna kitu ulitaka kuniomba, ukashindwa kusema? Na lile jino, je? Naogopa kwamba kipimo cha kwanza ndicho kilichokuwa cha kweli. Naogopa kwamba nilijihofia mimi mwenyewe kiasi cha kukutangaza mzima, nawe mgonjwa. Nikisema nilipima sawasawa, na nadhani nilipima sawasawa, bado hofu haiondoki.

Mama hajanisemesha tangu siku ile. Salamu zake kwa watu wa huku hupitia kwa wengine, na jina langu halimo.

Redio imesema vita vimekwisha. Malori ya askari yamepita njia panda ya Nyakanazi, watu wakakata matawi na kuyapunga. Wawili uliokwenda nao wamerudi. Nikiwauliza, mmoja anasema mliachana ng'ambo ya mto, mwingine anatazama viatu vyake.

Asubuhi hii nilifungua dirisha nikamwona mama kwenye benchi la nje. Ametoka Ntobeye peke yake. Hajapanga foleni na wagonjwa, hajabeba chakula wala mzigo wowote. Tumeonana macho. Hakutabasamu, hakulia, ameendelea tu kukaa, mikono mapajani, akiningoja mimi.

Basi kaka, popote ulipo, Mungu akufunike. Naandika polepole, herufi moja moja, maana nikiiweka kalamu chini itabidi nitoke nikamwamkie, nisikie alichokuja kuniambia.

Mimi mdogo wako,
Koleta