Olchani Si Mti Tu

Kitengela, Jumamosi alasiri

Upepo wa leo hauna adabu. Nimefunga madirisha yote na bado vumbi limepata njia, liko mpaka kwenye sufuria. Nguo nilizoanika asubuhi itabidi nizifue tena. Lakini sina hasira. Kusema kweli nimejaa furaha ya kujisifu, ile ambayo mama yangu angeiona angeniambia nikae chini kwanza ninywe maji.

Nimekaa. Maji nimekunywa. Furaha bado iko.

Jana nilikwenda Kajiado kwa kazi, na kazi yenyewe sikuimaliza. Nilisimama katikati nikaweka karatasi chini. Acha nieleze vizuri kabla sijaanza kujipamba.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: naitwa Nyokabi, na mimi ni mfasiri. Nina kijiofisi hapa Kitengela juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na sehemu kubwa ya riziki yangu hutoka kwenye mikataba ya kuuza ploti. Nyumbani ni Wakikuyu, lakini nililelewa Kajiado mjini, nyuma ya duka la mama, na wateja wetu ndio walionifundisha Kimaa, lugha ya Wamaasai, kabla sijajua kusoma. Ukinisikia bila kuniona utauliza boma letu liko upande gani.

Aliyenipa kazi ya jana anaitwa Kevin. Ni kijana mpole wa Nairobi, wakala wa kampuni moja ya ng'ambo inayotengeneza dawa za tumbo. Kampuni inataka kutafiti olkiloriti, ule mti wa miiba ambao Wamaasai huchemsha gome lake na kutia kwenye supu. Karibu na mji wa Kajiado kuna kikundi cha akina mama wenye namna yao ya kuuchemsha, pamoja na mzizi wa mti mwingine. Mzizi huo siuandiki hapa, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Kevin alinichukua kwa gari lake asubuhi, akanipa mkataba tukiwa njiani. Ulikuwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Sheria yetu inataka jamii ikubali jambo kama hili ikiwa imeelewa, kwa lugha yake, ndiyo maana nikatafutwa. Nampa Kevin haki yake hapo, maana wengi wangepita tu.

"Madam, hawa wamama wako poa," akaniambia. "Last time tuliwaelezea kwa Kiswahili, wakakubali wote. Leo ni kuwasomea tu kwa Kimaa, halafu waweke vidole, tunarudi lunch."

Nilisoma Kiswahili chake na sikuona kasoro. Kilikuwa Kiswahili safi, kilichonyooka, mpaka nikaona wivu kidogo. Maneno mawili ndiyo yaliyobeba kila kitu. Mti ni mali ya kikundi, na kikundi kitapata mgao wa faida itokanayo na mti. Dawa ni mali ya kampuni, pamoja na hataza, yaani ile haki ya kusema uvumbuzi huu ni wangu na mwingine asiuguse bila ruhusa.

Tulikutana kwenye kanisa la mabati. Mwenyekiti wa kikundi ni Mama Sianto, ambaye zamani alikuwa analeta maziwa dukani kwetu na mpaka leo huniita mtoto wa duka. Niliinama akanigusa kichwa, tukaulizana habari za ng'ombe na za mama yangu, nikamwita Yeyo kama nilivyozoea, yaani mama. Halafu nikaanza kusoma.

Kipengele cha mti kilipita vizuri. Nikasema kwa Kimaa kwamba olchani ni mali yenu, na faida ya olchani mtagawiwa. Wakaitikia, shanga zikalia.

Nikafika kwenye kipengele cha dawa. Mdomo wangu ukaanza kusema kwamba olchani ni mali ya kampuni.

Nikanyamaza.

Kwa wasiojua Kimaa, shida ilikuwa hii: mti ni olchani. Dawa inayotoka kwenye mti nayo ni olchani. Ni neno lile lile, na hakuna mtu anayechanganyikiwa, kwa sababu kwa wanaoitumia ni kitu kile kile. Nimelisema neno hilo tangu utotoni na sikuwahi kulitazama mara mbili. Sasa nilikuwa mbele ya kanisa zima nikitaka kuwaambia kwamba olchani ni yao na olchani si yao.

Mama Sianto akadhani Kimaa kimenipotea. Akanisaidia kwa Kiswahili ili Kevin naye asikie. "Sema tu dawa, mtoto wa duka. Hiyo tunajua. Dawa ni ya hao."

"Yeyo, dawa ni nini?"

Akanitazama kana kwamba nimepigwa na jua. "Si vidonge? Ile ya hospitali. Hao watatengeneza vidonge yao, na sisi tunabaki na olchani yetu. Sasa shida ni gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa walichokubali ule mkutano wa kwanza. Kwa akina mama hawa neno dawa ni la Kiswahili na kitu chake ni cha Kiswahili pia: kinauzwa dukani, kiko kwenye pakiti, kina tarehe. Wanachochemsha wao hakijawahi kuitwa dawa. Kwa hivyo walipoambiwa dawa ni ya kampuni waliona haki imetendeka. Nani atadai vidonge vya mtu?

Nikamgeukia Kevin nikamuuliza, kwenye mkataba huu, dawa maana yake ni nini. Akafungua ukurasa wa maelezo ya maneno na kusoma bila hila yoyote: bidhaa yoyote ya kutibu itokanayo na mti, pamoja na njia za jadi za kuitayarisha.

Nikawatafsiria. Olchani. Sufuria, supu, mzizi, na namna ya kuchemsha, yote olchani, yote ya kampuni. Kinachobaki kwenu ni miti iliyosimama kule nje, na mgao wa faida ya miti hiyo.

Akina mama wakaongea wote kwa pamoja.

Mama mmoja akauliza kuhusu binti yake, ambaye huchemsha, hutia kwenye chupa na kuuza hapa Kitengela. Itakuwaje? Kevin akakuna kichwa. Si mtu mbaya, nasema tena. "Kwa biashara, technically atahitaji ruhusa ya kampuni. Lakini seriously, nani atamfuata mpaka Kitengela?"

Nilikasirika hapo, na sifichi. Nimetafsiri mikataba ya ploti ya kutosha kujua kwamba kile ambacho hakuna atakayekifuata huwa kimeandikwa ili siku moja kifuatwe. Na ile miti waliyoachiwa! Olkiloriti umejaa kila mahali, hata mbuzi wanajihudumia. Kumpa mtu wa Kajiado haki ya olkiloriti ni kama kunipa mimi haki ya hili vumbi la Kitengela.

"Madam, kazi yako ni kutafsiri, si kushauri," Kevin akaniambia kwa sauti ya chini.

"Sijashauri. Nipe neno la dawa kwa Kimaa ambalo si olchani, nilisome sasa hivi."

Hakuwa nalo. Hata mimi sina. Nikamwambia kwamba nikiliacha neno dawa kama lilivyo nitakuwa nimewadanganya kwa lugha yao wenyewe, na nikisema olchani basi kila mtu amesikia. Nikaweka karatasi juu ya benchi. Hilo nalisema kwa majivuno.

Akina mama wakatoka nje, wakasimama kando ya tangi la maji wakaongea. Mimi na Kevin tukabaki ndani kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Sikusogea dirishani kusikiliza. Nilitamani sana, lakini sikusogea.

Waliporudi, Mama Sianto hakukaa. Alisema hawajakataa. Utafiti uendelee, vidonge vitengenezwe, watu wa mbali nao wapone tumbo. Lakini mti na dawa vitoke kwenye karatasi, liingie neno olchani, hivyo hivyo lilivyo, kwa Kiswahili na hata kwa Kizungu. Olchani ibaki mali ya kikundi. Kampuni ipewe ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Na olchani ikienda popote, hata ikigeuzwa kidonge na kutiwa jina ambalo wao hawawezi kulitamka, mgao uifuate huko. Nilitafsiri neno kwa neno, na sikumbuki lini nimeifurahia kazi yangu kiasi hicho.

Kevin akasema mawakili hawatakubali neno la Kimaa ndani ya mkataba wa Kiingereza.

"Na huo mti mmeuandikaje hapo?" Mama Sianto akamuuliza.

Kevin akatazama. "Olkiloriti."

"Hiyo ni Kizungu ya wapi?"

Kanisa zima likacheka. Kevin naye akacheka, nikampenda zaidi.

Akatoka kupiga simu. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. Bosi wake amesema kampuni haina haja ya kubembeleza, gome hilo linaweza kupatikana kwingine. Nikatafsiri hivyo hivyo, bila kupunguza neno.

Mama Sianto akavuta shuka begani. Akamjibu kwa Kiswahili, polepole, ili neno lisipotee njiani. "Waende. Hiyo mti iko mingi, watapata mpaka Entarara huko mbali. Wakishapata, watauliza nani vile inachemshwa?"

Kevin akatoka tena, na mara hii alikaa huko nje muda mrefu, akitembea huku na huku kati ya gari na mlango. Alirudi akasema wataandika upya, na kwamba amewaambia neno hilo haliepukiki. Atakuja wiki ijayo. Hakuna kidole kilichowekwa jana.

Tukirudi, tulipokaribia Isinya, Kevin akaniuliza, "Madam, si ungeniambia mapema tukiwa kwa gari?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kwenye gari sikuwa najua. Kwa Kiswahili ule mkataba haukuwa na tatizo lolote. Niligundua mdomo ulipokataa.

Mume wangu, Baba Imani, ni mtu wa Kakamega na ni mtu wa mshahara, anapenda mambo yanayojulikana mwisho wa mwezi. Nilipomsimulia alisikiliza yote, akauliza, "Kwa hivyo hiyo kazi imeenda?" Nikamwambia labda. Akaongeza, "Na hao wamama, kampuni ikiwaacha kweli, watakuwa wamepata nini?"

Swali hilo nimelala nalo. Inawezekana bosi wa Kevin akaamka Jumatatu akabadili nia. Inawezekana wakampata mtu mwingine, sehemu nyingine, atakayewaonyesha namna ya kuchemsha kwa shukrani na soda, na akina mama wa Kajiado wakabaki bila mgao hata wa senti. Mimi nitakuwa nimewaponza. Sitajifanya sioni.

Lakini nimeligeuza kila upande na bado nasema nilifanya sawa. Mgao waliokuwa nao ulikuwa wa mti. Faida ya mti ambao mbuzi wanaula bure. Wakikosa huo, wamekosa kitu ambacho hakikuwepo, na yule binti wa Kitengela anaendelea kuuza chupa zake bila kuomba ruhusa ya mtu.

Asubuhi hii Mama Sianto amenipigia. Hakuuliza nimelalaje kwa muda mrefu kama kawaida yake. Amesema kikundi kimekaa tena, na mkutano ujao nije nikae upande wao wa benchi. Kevin alete mtafsiri wake. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Kisha akataka niandike mimi maana ya olchani, ile itakayotiwa kwenye ukurasa wa maelezo ya maneno, kabla mawakili hawajaiandika wao.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu alipokata simu, nimefuta mpaka nimechoka. Mwisho nikaandika hivi: olchani ni mti, na dawa itokayo kwenye mti huo, na ujuzi wa kuitayarisha. Niliiona imekamilika. Nikampigia nikamsomea kwa Kimaa, nikisubiri sifa.

Kuku walikuwa wanalia nyuma yake.

"Umesahau wenye kujua," akasema.

Nikamwambia nimeandika ujuzi, Yeyo, uko hapo mwisho.

"Ujuzi inabebwa na nani? Hao wataandika kwa kitabu, halafu watasema ujuzi wako nayo. Weka sisi ndani."

Nimewaweka. Olchani ni mti, na dawa itokayo kwenye mti huo, na ujuzi wa kuitayarisha, na watu wenye kuujua. Mwanasheria yeyote ataniambia mtu hawezi kuwa sehemu ya maana ya mmea, na mimi nitamwambia kwa Kimaa anaweza.

Wiki ijayo Kevin ataleta karatasi mpya. Nitafungua ukurasa wa maelezo kabla ya salamu, na nikikuta wamewatoa hao watu wenye kujua, hatutaanza hata kusoma.