Nilipomwandikia Bibi Shamba Lake

Mdogo wangu Tumaini,

Huku Ifakara hatujambo, na mpunga umeanza kuinama. Huko Masagati mmeshavuna?

Umeniuliza shairi linawezaje kuonekana kama picha. Mimi nilijaribu mwaka ule Bibi alipougua miguu, akashindwa kwenda shambani kuamia ndege wasile mpunga. Kila jioni aliuliza, "Shamba langu likoje?" Nami, unavyonijua, maneno hunikwama mdomoni. Basi nikachukua karatasi, nikatawanya neno "ndege" huku na huku juu. Chini nikapanga "mpunga" kwa mistari iliyoinama. Katikati, pale liliposimama dungu lake, kile kibanda cha juu cha kulindia ndege, nikaandika "Bibi". Kila neno nililiweka mahali kitu chenyewe kilipo, ndiyo njia rahisi ya kuanza.

Bibi hajui kusoma. Alipitisha kidole taratibu.

"Hawa ni kwelea, wezi wakubwa! Na huyu wa peke yake?"

"Ni wewe, Bibi."

Kidole chake kikabaki juu ya neno hilo. Nikaogopa kwamba nimemuumiza.

"Mke mwenzangu," akanitania, "unaniacha huku juu peke yangu? Uji ataniletea nani?"

Nikachukua kalamu, nikaandika "mimi" chini kidogo ya "Bibi", pale penye ngazi ya dungu.

Dada yako anayekuwaza,
Agnes