Sufuria Yako Bado Inang'aa, Mama

Kwako mama, huko uliko,

Nimeshika tama kwa sababu ya sufuria yako. Ungekuwepo ungecheka. Ungesema, "Wambui, umesoma mpaka ukaitwa daktari, halafu unasumbuliwa na sufuria?" Ndiyo, mama. Imenishinda.

Unaikumbuka kuliko mimi. Ile kubwa, nzito, ambayo fundi wa jua kali alikutengenezea kwa kuyeyusha alumini chakavu kabla mimi sijaanza shule. Hakuna matanga wala harusi upande wetu wa Kaloleni iliyopikiwa bila hiyo. Mtu akija mlangoni bila salamu, macho yameshaingia jikoni, tulijua kuna msiba kabla hajafungua kinywa.

Na ikirudi, haikuingia ndani kabla hujaisugua. Ulikaa kwenye kizingiti, majivu huku, waya wa kusugulia huku, ukaisugua mpaka ukauona uso wako. Kazi yangu ilikuwa kushika upande wa pili isizunguke. "Mwanamke anajulikana kwa sufuria zake," ulikuwa ukiniambia, jasho likikutiririka. Majirani walikuonea wivu, nami nilijivunia mikono yako myeusi.

Halafu ule uji! Unga wa wimbi ulioulaza mpaka ukachacha vizuri, ukakamulia ndimu juu. Watoto wa ploti nzima walikuja na vikombe vyao, na hukuwahi kuuliza huyu ni wa nani.

Sasa nisikilize. Unajua ninafundisha kemia isokaboni pale chuo kikuu, kemia ya madini na chumvi zake. Kila mwaka huwaambia wanafunzi kwamba alumini ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba usioonekana, na huo utando ndio unaoikinga. Ukiukwangua, umeivua nguo. Ukitia kitu kichachu humo, yaliyomo ndani ya chuma huanza kuingia kwenye chakula. Nimelifundisha miaka nenda miaka rudi, na lilikuwa somo tu.

Mwaka huu mimi na wanafunzi wangu tukapima sufuria za mtaani, kwa ajili ya utafiti. Mama Akinyi, rafiki yako wa mlango wa pili, alikuwa wa kwanza kuleta yake. Nilimsomea karatasi ya ridhaa kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu: ana haki ya kukataa, ana haki ya kujiondoa, ana haki ya kuambiwa majibu. Akanikatiza. "Nyathina, mtoto wangu, wewe si ni wa Mama Wambui? Leta niweke sahihi, uji utaungua." Na sufuria aliyoileta ni hiyo yako, uliyomwachia kwa mkono wako ukiwa kitandani, ukamwomba aendelee kuwapikia watoto.

Ameendelea, mama. Sebule yake sasa ni chekechea. Kina mama wanaotoka alfajiri kutafuta vibarua humwachia watoto wao, na kila asubuhi wanakunywa uji wako, umechacha vilevile.

Majibu yakarudi. Sufuria ina madini ya risasi, na yanatoka kwa wingi usioruhusiwa. Risasi haimpi mtoto homa wala haimtapishi. Inamla akili pole pole, na kilicholiwa hakirudi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa jikoni, na tulikuwa tunakisugua.

Nilikimbia Kaloleni siku hiyohiyo.

"Mama Akinyi, tafadhali, hii sufuria usipikie watoto tena. Iko na sumu."

Akaweka mwiko chini. "Sumu gani? Si wewe ulikunywa uji wa hii sufuria na ukakuwa daktari?"

Nikamweleza habari za risasi, nikamweleza utando. Akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu aliye kanisani. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo unaniambia Mama Wambui alikuwa anatupea sumu? Huyo mama alikuwa anaosha hii kitu kuliko watu wanaosha watoto wao?" Akaanza kulia. Nami nikalia, na hatukuongea tena sayansi siku hiyo.

Nikamnunulia sufuria mpya, ya chuma kisichoshika kutu. Alinikumbatia, akaniombea, akawaita majirani waje waione. Nilipopita wiki iliyofuata niliikuta juu ya kabati la sebuleni, haijavuliwa nailoni. "Hiyo ni ya wageni," akanieleza. "Kitu poa hivyo niharibu na moshi?" Unatujua. Hata wewe ulituachia vikombe vya kioo ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea.

Kamati ya maadili ya utafiti nayo imeniambia nisiwatangazie wazazi mpaka vipimo virudiwe katika maabara nyingine. Wana sababu zao, na nyingine nimezifundisha mimi mwenyewe. Uvumi ukianza, mlango wa Mama Akinyi utafungwa, na hao watoto watafungiwa nyumbani peke yao mchana kutwa. Lakini maabara hiyo nyingine inangoja kipuri cha mashine. Naandika barua, napiga simu, naambiwa nivute subira. Uji haungoji. Maji yamezidi unga, mama, na sijui nishike wapi.

Juzi darasani nilikuwa nikifundisha ridhaa. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Daktari, na kama mtu ameambiwa, na bado amekataa?" Nikamjibu yaliyo kitabuni, kwamba tunaheshimu uamuzi wake. "Na watoto je? Wao nani amewauliza?" Nikageukia ubao kama niliyesahau kuandika kitu. Nikawaambia tutaendelea kipindi kijacho. Kipindi hicho ni kesho.

Wewe ungelimaliza kwa neno moja. Ungesimama pale mlangoni, "Mama Akinyi, hebu lete hiyo sufuria yangu," na angeileta bila kuuliza. Mimi nikiiomba, naonekana nakunyang'anya wewe. Nimekukasirikia kwa hilo, nisamehe. Ulipaswa kuniachia mimi.

Leo asubuhi nimepita tena. Watoto walikuwa mkekani na vikombe vyao vya plastiki. "Auntie, sasa!" wakanisalimu kwa kelele, kila mmoja na mdomo wa uji. Sufuria ilikuwa juu ya makaa, na sijawahi kuiona iking'aa vile, hata enzi zako. Mama Akinyi alinionyesha viganja vyake. Vilikuwa vimechubuka.

"Usiogope tena, nyathina," akaniambia. "Tangu uniambie, naisugua asubuhi na jioni. Hiyo sumu yako lazima itoke."

Nikamwambia kusugua ndiko kunakoitoa, na inakoingia ni kwenye uji. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyesoma mpaka akachoka. "Usafi umewahi kuua nani?" Akanimiminia kikombe. Nilikishika mpaka kikapoa.

Wanasema marehemu huja ndotoni. Usije kwangu, mama. Nenda mlango wa pili.

Ni mimi mwanao, niliyekuwa nikikushikia upande wa pili,
Wambui