Taa za manjano katika gereji ya Torben

Viggo, nimetoka gerejini kwa Torben sasa hivi na hasira haijanishuka. Torben huyuhuyu tuliyelala naye bweni moja.

Nilikwenda kulitazama gari lake la kijivu, nimnunulie Signe. Binti yangu ataliendesha kwenye barafu, kwa hiyo silitaki gari lililowahi kugongwa.

Gereji ile siku zote ina taa nyeupe kali. Leo zote ni za manjano, kama za mezani kwa mkewe. Nikamuuliza sababu.

"Nimeweka mwanga wa nyumbani, mzee. Tunywe kahawa kwa raha."

Kahawa, Viggo. Gerejini.

Nikawasha tochi yangu nyeupe. Mlango wa dereva ukaonekana una ukijani, sehemu nyingine zote kijivu; rangi mpya hufichika kwenye taa ya manjano, si kwenye nyeupe.

"Tochi yako ndiyo mbovu," akasema. "Hebu nimulike usoni."

Nikammulika. Kweli alikuwa na ukijani kama maiti. Akacheka: "Na mimi nimegongwa?"

Nusura nione haya. Lakini tochi mbovu ingelitia ukijani gari zima, si mlango mmoja.

Nikamwambia tulitoe nje, tulitazame kwa mwanga wa mchana.

"Kuna mvua, bwana."

Mvua, Viggo. Mtu aliyezaliwa Jutland, kwenye mvua mwaka mzima, ananiambia kuna mvua.

Nikamuuliza waziwazi kama gari liligongwa na mlango ule ukabadilishwa. Akanikumbusha mechi yetu ya mwisho shuleni. Nikamuuliza tena. Akamsifu mwalimu wetu wa bweni. Nilipouliza mara ya tatu, akataka kujua kama wewe hujambo.

Nikamwambia hujambo, nikaondoka bila gari. Hadi nafika barabarani, alikuwa hajasema hapana.